Nyama Ambayo Hukuila

Mpendwa dada,

Leo asubuhi nimeikata mikono ya lile gauni langu la kijani, lile ulilosema linanifanya nifanane na mke wa mchungaji. Nimeikata karibu kabisa na bega, nikapiga pindo, nikalivaa papo hapo kibandani. Mama mmoja aliyeleta sketi ya mtoto kutiwa zipu alivitazama viwiko vyangu, akavitazama tena, halafu akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nikamwambia, "Ni mafuta hayo. Ukitaka kushika, shika." Hakushika. Alicheka kidogo, nami nikacheka, na zipu nikamtilia.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu uliyosingiziwa yalisemwa mbele za watu. Waliokuita mwongo hawakukuita pembeni, na waliokuita mlafi walisema hivyo jeneza lako likiwa limeinuliwa juu ya viti viwili. Ningeweza kuja kukunong'oneza kaburini, lakini wewe huhitaji kuambiwa kwamba hukuila ile nyama. Unajua. Wanaohitaji kuambiwa ni wao.

Nakukumbuka zaidi kwa harufu. Asubuhi kabla sijafungua macho nilikuwa nasikia karai likisugua jiko, kisha ule mlio wa njugu zinapoanza kupasuka ganda, kisha harufu inajaa chumba chetu na kutoka hadi kwenye mfereji wa ploti, bomba letu la pamoja, ambako majirani walikuwa wakisema wamekunywa chai kavu lakini pua zimeshiba. Ulikuwa ukizikoroga kwa mwiko mrefu bila kuondoka, hata mtu akikuita. Ulisema njugu ni kama mtoto wa kutambaa, ukigeuza shingo tu, ameungua. Ukizitoa ulikuwa unaonja. Hapo ndipo nilipokuona mwenye furaha kuliko mahali pengine popote, umesimama juu ya karai, shavu moja limejaa, unanitilia kiganjani na kuniuliza kama chumvi imekolea.

Saa ya chakula cha mchana viwanda vya mtaa wetu wa Baba Dogo vikifungua mageti, ulikuwa umeshakaa mahali pako na vikoni vyako vya gazeti. "Niaje, Mathe Njugu. Nipimie zile za moto," walikuwa wakisema, na wewe ulijua nani anataka zenye maganda na nani anataka zilizopepetwa. Mwanao Neema akiwa bado mchanga ulimfunga mgongoni, analala hapo hapo kwenye kelele za malori.

Halafu vinundu vikaanza. Kwanza kwenye kiwiko cha kushoto, kigumu, cha manjano kidogo, hakiumi. Kisha kiwiko cha pili, kisha vifundo vya vidole, kisha nyuma ya kisigino, pale kwenye kano, mpaka viatu vya kufunga vikakushinda. Kijana mmoja wa kiwanda cha plastiki alikuwa wa kwanza kusema kwa sauti. "Wasee, cheki kiwiko ya mathe. Njugu zimemrudia." Wote wakaangua kicheko. Wewe ukamjibu bila kuinua macho, "Hizi bado mbichi. Ngoja nizikaange nikuuzie." Wakacheka zaidi, na siku hiyo uliuza zote. Lakini jioni uliniletea blauzi zako mezani na kuniambia nizirefushe mikono.

Nikazirefusha. Nilikwenda Eastleigh nikatafuta kitambaa kinachofanana, nikakipata kwa shida pale barabara ya kwanza, nikaunga mikono hadi kwenye kifundo cha mkono. Nilifanya kazi safi, mtu asingeweza kuona kiungo. Ulivaa hizo blauzi kwenye joto la jiko na jasho likakutiririka, na hukulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika. Nilikuuliza unamficha nani, na ukaniambia, "Namficha Neema. Atakuja kuchekwa shule."

Ndipo ukaenda zahanati. Sitaitaja jina, na sina nia ya kumshtaki mtu, kwa maana alichokuambia mhudumu yule ndicho angemwambia kila mtu, na karibu kila mtu kingemfaa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi, mlango uko wazi. Alisoma majibu ya damu, akapiga mluzi.

"Mama, kolesteroli yako iko juu sana. Acha mafuta."

"Mafuta gani, daktari?"

"Mafuta. Nyama nono, ngozi ya kuku, siagi, yale mafuta ya kuganda. Pikia ya mimea. Kula parachichi, kula njugu. Hizo ni za moyo."

Ulitoka pale umechangamka. Uliniambia njiani kwamba dawa yako tunayo nyumbani, kwenye gunia, na kumbe umekuwa ukijitibu bila kujua.

Nimefikiria sana juu ya lile neno, dada. Sisi tuna neno moja tu. Ya kujipaka ni mafuta, ya kukaangia ni mafuta, yanayoelea juu ya mchuzi ni mafuta, yanayotiwa kwenye gari ni mafuta, na mtu aliyenenepa tunasema ana mafuta. Mtu akikuambia uache mafuta, amekupa bahari nzima na kukuambia uondoe maji mabaya. Wewe ulifanya kile mtu mwenye akili angefanya. Ulishika yale aliyoyataja, ukayaacha yote, na ukashika yale aliyoyasifu, ukayala kwa moyo wote.

Na ulivyoyaacha. Ile chupa ya mafuta ya maji yenye picha ya moyo, iliyoandikwa haina kolesteroli, uliiweka mezani kama maua. Nyama ikatoka nyumbani kwetu. Krismasi kule magharibi, wajomba wakichinja, ulikula mboga na ugali mwishoni mwa meza, na mjomba akikusukumia kipande ulikirudisha kwa mikono miwili, kwa heshima. Badala ya siagi ulisaga njugu na simsim, ukapaka mkate wetu. Kila siku parachichi. Mboga ulizitia njugu ya kusaga hadi zikawa nzito kama uji. Ulikuwa ukiniambia, "Kula, mdogo wangu, hii ni ya moyo." Nami nikala, na ilikuwa tamu.

Vinundu vikakua. Kile cha kisigino kikawa kikubwa kama yai la kware. Ulirudi zahanati na majibu yakaja mabaya kuliko ya kwanza. Wakakupa vidonge, ukavimeza bila kukosa, ukarudi, mabaya tena. Hapo sura ya mhudumu ikabadilika.

"Mama, damu haidanganyi. Unakula nyama."

"Daktari, nyama mimi hula Krismasi, na hata Krismasi nimeacha."

"Basi kwenu Krismasi ni kila siku."

Na yule wa kupima presha akacheka. Ulinitazama kule kwenye benchi. Ninalijua lile jicho mpaka leo. Mtu anapoambiwa ni mwongo na anajua si mwongo, anatafuta shahidi, na shahidi wako nilikuwa mimi. Nilisimama nikasema kwamba ninaishi naye, napika naye, sufuria zetu nazijua. Mhudumu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba watu wa nyumbani huwa ndio wa mwisho kujua.

Maneno yana miguu Baba Dogo. Haikupita muda nikawasikia kwenye mfereji. "Huyo Mama Neema humanga nyama kisirisiri. Anaificha wapi?" Mmoja akasema labda unaila pale unapouzia njugu. Mwingine akasema ndiyo maana unatoka mapema. Siku moja nilikukuta umekaa kitandani, umevua blauzi ya mikono mirefu, unaishika kama unaitafutia doa. Ukaniambia, "Kata."

"Nikate nini?"

"Mikono. Kata yote. Wameshaamua mimi ni nani. Angalau nisipate joto."

Nikakata. Ukatoka nje na viwiko vyako, ukachukua karai, ukapita katikati ya wale wanawake kwenye mfereji, ukawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Nilikuwa mlangoni na mkasi mkononi na nilijivunia kuzaliwa nyuma yako.

Uliangukia hapo hapo kwenye mfereji, mchana, ndoo ikiwa imejaa nusu. Moyo, walisema. Ulikuwa bado kijana. Mimi nilifika maji yakiwa bado yanatiririka, hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyezungumza kwa niaba ya familia. Unamjua, ana sauti ya kwaya na moyo mzuri, na aliyafanya mengi siku zile ambayo sitayasahau. Lakini alisimama mbele ya jeneza akasema, "Tulimwambia aache mafuta. Hakusikia. Nyinyi mliobaki, sikieni." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa na Neema mapajani, na nikahisi mwili wake unakakamaa. Alikuwa mdogo lakini si mdogo wa kutoelewa neno hakusikia. Baadaye Shangazi akamchukua Neema kwake Komarock, kwenye nyumba yenye chumba cha ziada na shule karibu, na mimi nikakubali, kwa sababu mimi nina chumba kimoja na cherehani.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapokuja na jibu lako.

Mwaka jana kisigino changu kilivimba. Pale pale kwenye kano, na viwikoni vinundu vikafuata. Nilikishika usiku mmoja nikijipaka mafuta na nikajua kabla ya kidole kufika. Sikwenda zahanati ile. Nilihangaika hadi hospitali kubwa, nikamwona daktari mmoja mwanamke, kijana, mwenye miwani iliyoshikizwa na uzi. Alivibonyeza viwiko vyangu muda mrefu. Akaniuliza ninakula nini. Nikapandisha sauti kabla hajamaliza swali. Nikamwambia sili nyama, dada yangu hakula nyama, na akitaka kuniita mwongo aniite sasa hivi nirudi kazini. Akasema, "Sijasema kitu, dada. Nimeuliza unakula nini." Nikamtajia. Nilipofika kwenye njugu, simsim na parachichi, akaacha kuandika.

Damu yangu ilipelekwa kwenye maabara inayoyatenganisha mafuta moja moja. Majibu yaliporudi aliniita, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Baba Dogo. Akasema, "Basi unawajua masoja wanaolinda geti la kiwanda." Nikamwambia dada yangu aliwalisha njugu maisha yake yote.

Akanieleza hivi, nami nakueleza wewe. Kila seli ya mwili imezungukwa na utando, na utando wenyewe umejengwa kwa mafuta, pamoja na hiyo kolesteroli tuliyofundishwa kuiogopa. Bila hayo seli haina ukuta. Mwili hutengeneza kolesteroli wenyewe, na kutokana nayo hutengeneza nyongo na homoni. Nilipoambiwa hivyo nilicheka kwa hasira. Wewe walikuzika wakisema mafuta kana kwamba wanasema dhambi, kumbe waombolezaji wote walikuwa wamesimama kwa mafuta.

Kinachohitajika ni mpango wa nani aingie na nani atoke. Ndani ya utando huo zimechomekwa protini zinazofanya kazi ya geti. Kwenye utumbo kuna protini moja ya kuingizia. Hiyo haichagui sana. Kolesteroli ikija inaiingiza, na mafuta fulani ya mimea yanayofanana na kolesteroli, yaliyomo kwenye njugu na simsim na parachichi na ile chupa yenye picha ya moyo, nayo inayaingiza. Mwili wa binadamu hauna kazi na hayo ya mimea. Kwa hiyo ndani kuna protini nyingine mbili za kutoa. Zina majina ya herufi na namba, mimi naziita Tano na Nane. Hizo zinamtambua mgeni, zinamshika bega, zinamrudisha nje utumboni. Kwenye ini wako tena Tano na Nane, wanatupa kwenye nyongo yale yaliyoponyoka, na ziada ya kolesteroli yenyewe. Watu wengi hula njugu maisha yao yote na karibu mafuta yote hayo yanaonyeshwa mlango bila wao kujua.

Tano na Nane hawafanyi kazi mmoja mmoja. Ni lazima wakae bega kwa bega ndipo geti lifunguke. Kwetu sisi, wewe na mimi, Nane ameumbwa vibaya. Baba alikuwa na jeni moja mbovu na moja nzima, Mama vivyo hivyo, na nzima moja inatosha, kwa hiyo wao hawakuugua wala hawakujua. Sisi wawili tulipata mbovu kutoka pande zote mbili. Kila kilichoingia kilibaki. Kikatafuta pa kukaa, kikakaa kwenye viwiko, kwenye visigino, na kwenye mishipa ya moyo wako ambako hakuna aliyeweza kukiona na kukicheka.

Nikamuuliza kuhusu zile karatasi za zahanati. Hilo ndilo nililokuwa nalo kooni. Akaniambia kipimo cha kawaida hakiyatofautishi. Kinayahesabu pamoja, ya mnyama na ya mmea, na yote kinayapa jina moja, kolesteroli.

Umesikia, dada? Damu haidanganyi, alisema yule mhudumu, na kweli haikudanganya. Ni wao waliokuwa na jina moja kwa vitu viwili, kama sisi na neno letu la mafuta. Walikusomea njugu wakasema nyama. Hukuila nyama. Nilijua, lakini sasa najua kwa karatasi na mhuri, ingawa ushahidi wangu ulipaswa kutosha.

Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kwa sauti, na aliyenipita akadhani nimefiwa siku hiyo. Nililia kwa sababu ya lile neno la Shangazi, hakusikia. Wewe ulisikia kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Kila ulipoambiwa hali yako inazidi kuwa mbaya, ulirudi nyumbani ukasikia zaidi, ukaongeza njugu, ukaongeza parachichi. Ulikufa kwa utiifu. Kama ungekuwa mkaidi kidogo, kama ungekula nyama ya Krismasi na kuzichoka njugu, labda ungekuwa hapa unanigombeza kwa gauni hili. Ninakasirika nikiandika hivi na sitaomba radhi kwa kukasirika.

Mimi nameza kidonge kidogo cheupe kila siku. Hakimtengenezi Nane, hakuna wa kumtengeneza. Kinakwenda kufunga lile geti la kuingilia, ili wageni wasiingie kwa wingi. Nimeacha njugu, simsim, parachichi, na mafuta ya maji natumia tone. Kisigino kimeanza kunywea. Daktari ameniruhusu nyama isiyonona, kidogo, kwa kiasi. Nyama, dada. Ungecheka mpaka ukae chini.

Kisha nikaenda Komarock kumwona Neema, na huko ndiko nilikoacha kulia.

Shangazi alikuwa amepika chapati. Neema amerefuka, ana macho yako na ule mtindo wako wa kukaa na mguu mmoja chini ya mwingine. Alichukua chapati yake, akatoa karatasi ya tishu, akaifuta. Upande mmoja, akageuza, upande wa pili, taratibu, kama anasafisha kioo. Karatasi ikaloa, akachukua nyingine. Kisha akala robo na kuiacha. Mikono yake ni myembamba mno. Shangazi akaniambia kwa fahari, "Huyu amesikia. Hagusi mafuta." Na shuleni ameshawahi kuanguka na kuzirai kwenye paredi ya asubuhi, lakini hilo nililisikia kwa jirani.

Nikamuuliza tukiwa wawili jikoni. "Kwa nini unafuta?"

"Anti, sitaki kuwa kama mathe."

"Mama yako alikuwaje?"

Akanitazama kama namtega. "Alikuwa anapenda kudishi, kula kula tu. Na alikuwa anaficha."

Hivyo ndivyo mtoto wako alivyokujua. Hakukumbuka karai wala vikoni vya gazeti, wala mgongo aliolalia. Alibakiziwa mwanamke anayejificha na kipande cha nyama.

Likizo ilipofika nikamchukua kwa daktari wangu. Shangazi hakutaka, alisema tusimtafutie mtoto ugonjwa. Nikamwambia ugonjwa anao tayari, unaitwa woga, na huo umetoka kwenye nyumba hii. Ni maneno makali kumwambia mtu wa umri wake na niliyasema nikiwa nimesimama. Akaenda kumletea Neema sweta ya safari. Majibu yakaja. Neema ana jeni moja mbovu, yako, na moja nzima, ya baba yake. Tano na Nane wake wamekaa bega kwa bega, wanafanya kazi, na wamekuwa wakifanya kazi tangu umzae. Daktari akamwambia, "Wewe kula kama watoto wengine." Neema akauliza hata njugu? Akaambiwa hata njugu. Hakuonekana kuamini.

Jumamosi iliyopita yalikuwa maombi ya kukukumbuka, kwa Shangazi. Nilikwenda na gauni la mikono mirefu, maana nilikuwa bado sijapata moyo wa mkasi. Baada ya sala Shangazi akainuka kama kawaida, akaanza, "Tulimwambia aache mafuta." Nikainuka na mimi. Nikasema, "Shangazi, kaa kidogo, tafadhali. Leo nasema mimi."

Nilikunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Nikawaonyesha. Nikawaeleza geti, na Tano, na Nane, na kipimo chenye jina moja. Wazee walisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa nusu yao wamefanya kazi viwandani na geti wanalijua. Nikamaliza kwa kusema hukuila nyama, hukudanganya, na hukuwa mlafi.

Shangazi akawa wa kwanza kusema. "Kwa hiyo ni njugu. Si ndivyo watu walivyosema, kwamba njugu zilimrudia?"

Na ilikuwa kweli, dada, yule kijana wa kiwanda cha plastiki alikuwa amekaribia kuliko wote, kwa mzaha wake. Nikamjibu, "Njugu, ndiyo. Ulafi, hapana. Alizila kama dawa kwa sababu aliambiwa ni dawa. Sasa mbele ya mtoto wake, nataka uondoe lile neno. Hakusikia. Liondoe."

Shangazi alitazama viwiko vyangu muda mrefu. Kisha akamgeukia Neema, si mimi. "Mama yako alisikia," akasema. "Sisi ndio hatukujua tunamwambia nini." Akaketi na kufunika uso kwa leso. Sikwenda kumbembeleza mara moja. Nilikaa na hasira yangu kidogo kwanza, ndipo nikaenda.

Chakula kikaletwa. Nikajipakulia kipande cha nyama isiyonona, nikakila pale katikati ya sebule, polepole, mbele ya wote, kwa ajili yako. Nilikuwa hata sina njaa.

Halafu nikatoa mkobani kikoni cha gazeti. Nilikuwa nimezikaanga asubuhi, kwa karai lako, mara ya kwanza tangu uondoke. Sikuzionja, kwa hiyo sikujua chumvi. Nikamtilia Neema kiganjani. Alizishika, akazitazama, kidole kikaenda mfukoni kwenye tishu, kikasita, kikatoka bila kitu. Akatia moja mdomoni. Kisha mbili. Kisha akajaza shavu moja, hivyo hivyo kama wewe, bila mtu kumfundisha.

Nikamuuliza, "Chumvi imekolea?"

Akasema, mdomo ukiwa umejaa, "Bado kidogo, Anti. Ongeza."

Nitaongeza. Lala salama, dada yangu uliyesikia. Jina lako limerudi nyumbani.

Mdogo wako na shahidi wako,
wa kwenye benchi.